Dawa ya Kukuza

Nasikia dawa ile imeshafika Moa. Dada yangu Samiha, aliyeolewa huko, kanipigia simu. Anasema wamekuja watu na mabomba ya mgongoni, wanapuliza mahindi ya watu yasife kwa jua, na kila mwenye shamba anataka lake lianze. Nilifurahi kusikia. Halafu nikakosa raha, nikaona bora niandike.

Mimi nimeishia darasa la saba. Sina maneno ya kupamba. Lakini kina mama wa Moa, na nyie wa Nguvumali mnaolima pembezoni mwa mji, nisomeni mimi Hasina wa Kigombe kabla dawa hiyo haijavuka kizingiti cha nyumba zenu. Sisemi muikatae. Nimeiona kazi yake kwa macho yangu na mpaka leo nikiikumbuka nasema Subhanallah. Ndiyo maana naogopa. Kwa kitu kibovu mtu hahitaji kuonywa, atakikimbia mwenyewe.

Kigombe bahari iko mlangoni. Hilo ndilo linalotia uchungu mwaka wa ukame. Maji yamejaa mpaka macho yanachoka kuyatazama, na huku nyuma ya nyumba mahindi yanakufa kiu. Shamba letu liko upande wa juu, ardhi iliyokuwa ya mkonge zamani. Mwaka ule masika yalikuja kama mgeni anayepiga hodi na kuondoka kabla hajafunguliwa. Tulipanda, mahindi yakaota, yakafika magotini, mvua ikakata.

Nyumbani tulikuwa mimi, mume wangu Haji, mama yake Bi Mastura, na mtoto wetu Bayan. Bayan ndiye niliyekuwa nikimlilia kuliko hayo mahindi. Alikuwa anaelekea mwaka wa nne na bado anavaa nguo za mtoto wa miaka miwili. Anakula, anacheza, anajibu maneno kama mtu mzima, lakini hapandi. Kila nikimpeleka kliniki muuguzi anamweka kwenye mizani, anautazama ule mshale, ananiambia kwa upole, "Mama, mtoto amedumaa."

Nikirudi, Haji naye anatoka shamba, ananawa miguu, anasema, "Mahindi yamedumaa."

Neno moja kwa mtoto, neno hilohilo kwa shamba. Nikilisikia nilikuwa najiona kama naambiwa mimi.

Bi Mastura hakulipenda neno hilo. "Mke mwenzangu hajadumaa," alikuwa akisema. Ndivyo alivyomwita mjukuu wake, mke mwenza, kwa utani wa bibi na mjukuu, ati wote wawili wake wa marehemu babu. "Mke mwenzangu anajivuta tu. Anasubiri mie nichakae ndo achanue."

Lakini kwa siri yake alihangaika kunishinda mimi. Alimtafutia kombe. Mnalijua: aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, yale maji ya manjano yakatiwa chupani, mtoto anapewa kidogo kidogo. Chupa za kombe alizipanga kwenye rafu yake chumbani, juu ya kitanda, pamoja na msahafu wake na ubani. Rafu ile haigusi mtu. Panya wenyewe nadhani walikuwa wakiizunguka kwa adabu.

Na alikuwa na desturi moja aliyorithi kwa mama yake. Anayenywesha mtoto dawa huanza yeye. Anatia kipimo cha mtoto kwenye kikombe cha kahawa, anakunywa yeye kwanza mpaka chini, halafu anashika tasbihi anavuta uradi mzunguko mzima. Akimaliza na hajadhurika, ndipo anatia kipimo kingine ampe mtoto. Hakufanya hivyo kwa kombe tu. Alifanya kwa dawa ya kikohozi ya zahanati, na siku moja alifanya kwa dawa ya minyoo.

"Mama, utamaliza dawa za mtoto," Haji alimtania siku ile.

"Heri ziniishie mie kuliko zimmalize yeye."

"Na minyoo unayo?"

"Kama n'likuwa nayo, imekoma."

Tulicheka sana. Sasa sicheki.

Devota alikuja katikati ya ukame. Ni binti mrefu wa bara, anatoka kituo cha utafiti wa kilimo, amevaa viatu vya mpira kana kwamba kuna matope, na matope sisi tulikuwa tumeshayasahau. Alipita nyumba kwa nyumba akitafuta mwenye shamba atakayekubali kujaribiwa. Kwetu alimkuta Bi Mastura anachambua mchele uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea mvua?"

"Mvua sina, bibi. Nimeleta dawa ya kupuliza kwenye majani."

"Dawa ya majani tunayo. Haji alipulizia nyasi, ikaua na mchicha wangu."

Devota akacheka. "Si hiyo, bibi. Ile ni ya kuua. Yangu ni ya kukuza."

Hapo ndipo neno lilipoingia nyumbani kwetu. Liliingia kwa kicheko, na hakuna aliyelikagua.

Alitukalisha mkekani akatueleza, na mimi nilisikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mwalimu. Alisema hindi likipigwa na jua kali linaogopa. Linajifunga, linaacha kukua, linangoja shida ipite. Likingoja sana linapitwa na wakati wake wa kuzaa. Sasa ndani ya mmea wenyewe kuna kitu kidogo sana ambacho mmea hukitengeneza ukipata shida, cha kujitia moyo. Wataalamu wamekitengeneza kitu kama hicho. Ukilipulizia jani kidogo tu, mmea unapata habari mapema, unajipanga, unavumilia.

"Haileti maji," alisema, na hilo alilirudia. "Msije mkasema Devota kaleta maji. Inausaidia mmea uyatumie yale kidogo yaliyomo ardhini."

Halafu akasema lile ambalo mpaka leo analijutia. Alilisema ili tuelewe, sisi watu wa mkekani. "Hawa mahindi ni watoto wenu. Mtoto akiogopa hali, hakui. Dawa hii inamwambia mtoto: usiogope, kua."

Nilimwona Bi Mastura ameacha kuchambua mchele.

Devota na Haji waligawa shamba kwa kamba. Upande mmoja walipulizia dawa, upande wa pili maji matupu, ili tofauti ionekane. Walifanya hivyo asubuhi jua likiwa bado pole. Wiki zilizofuata hapakunyesha hata umande wa maana. Jua lilipanda likashuka, lilipanda likashuka.

Mimi nilikuwa wa kwanza kuona. Nilikwenda kumpelekea Haji chakula mchana jua la utosi, nikasimama kwenye kamba. Kushoto, upande wa maji matupu, majani yalikuwa yamejisokota, yamekuwa membamba kama ukindu wa kusukia mkeka, rangi imekuwa ya jivu. Kulia, hatua moja tu, ardhi ileile, mbegu ileile, jua lilelile, majani yako wazi. Yamelala kwa upana wake, kijani, yanapokea jua kama mtu anayepokea mgeni. Niliweka bakuli chini. Nilivuka kamba nikaenda, nikarudi, nikaenda tena. Nilishika jani la kulia nikalisikia baridi mkononi, mchana ule. Nikabaki nimeshika jani la hindi kama nimeshika mkono wa mtu.

Haji aliniona. "Na mimi jana nilisimama hivyohivyo," alisema.

Bi Mastura alipoambiwa hakuamini mpaka akaletwa. Alitembea mwenyewe na fimbo, Bayan ameshika kanga yake. Devota alikuwepo siku hiyo kupima. Akatoa kichupa cha rangi ya kucha mfukoni, ile isiyo na rangi, akapaka tone kwenye jani la hindi.

"Lo," Bi Mastura akasema. "Yanaolewa?"

"Subiri, bibi."

Ile rangi ilipokauka aliibandua kama ngozi nyembamba, akaiweka kwenye kioo, akabana kidarubini kidogo kwenye simu yake, akampa Bi Mastura atazame. Nilichungulia begani kwake. Jani lile, ambalo nimelikata na kulisha mbuzi maisha yangu yote, lilikuwa na vinywa. Vidogo, vingi, kila kimoja kina midomo miwili, vimepangwa safu kwa safu kama watu wamesimama kusali. Devota akasema jani linavuta pumzi kwa vinywa hivyo, na maji yake hupotelea humohumo. Akatuonyesha la upande wa kushoto: midomo imefumbwa yote. La kulia: mingi iko wazi kidogo, kama mtu anayetaka kusema.

Bi Mastura alishika simu ile kwa mikono miwili. Aliitazama mpaka ikazima taa yake yenyewe.

"Miaka yote," alisema mwishoni, "mie n'kidhani jani ni jani."

Njia nzima ya kurudi alimtazama Bayan. Nilidhani anamwangalia asijikwae.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ajali haikuja na pembe. Ilikuja kwa vitu vidogo, kila kimoja kizuri kwa upande wake.

Devota alimwachia Haji chupa moja ya dawa kali, ile ambayo haijachanganywa na maji, kwa ajili ya kupuliza mara ya pili mahindi yakikaribia kutoa mbelewele, yale maua ya kileleni. Ilikuwa imeyeyushwa kwa spiriti, na rangi yake ilikuwa ya manjano kwa ile gundi ya kuishikisha kwenye jani. Ilikuwa na karatasi nyekundu na picha ya fuvu. Alimwambia aifungie mbali na nyumba. Haji aliificha kwenye kibanda cha shamba. Mbuzi akaingia, akaiangusha, ikapata ufa chini, ikaanza kuvuja. Haji, kwa uchungu wa kuokoa kilichobaki, akamimina kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Kibanda hakina kufuli. Nyumbani kuna Bayan, anayefikia kila kitu. Akafikiri ni wapi pasipoguswa na mkono wa mtoto wala wa mtu mzima. Akaifikiria rafu ya mama yake.

Nawaambia alifikiri vizuri. Kosa lote limo ndani ya fikra nzuri.

"Mama, niwekee hii," alimwambia. "Asiiguse mtu."

"Ni nini?"

"Ile dawa ya kukuza."

"Ya kukuza," mama akasema.

"Ndiyo. Kidogo tu yatosha."

Nayo ikapandishwa rafuni, ikasimama pamoja na kombe, chupa kwa chupa, manjano kwa manjano. Mimi siku hiyo nilikuwa kisimani. Haji alinihadithia baadaye, neno kwa neno, na alikuwa akijipiga paja kwa kila neno.

Siku yenyewe tulikuwa shamba mimi na Haji tukiwinga ngedere. Kijani kilikuwa chetu peke yetu pande zile, na ngedere wa msitu mzima walikuwa wamepata habari. Karibu na adhuhuri nilirudi kuweka sufuria jikoni. Nilipoingia uani nilisikia harufu ya sindano, ile harufu ya pamba wanayokufutia mkono kabla hawajakuchoma. Nikajiuliza nani mgonjwa.

Bi Mastura alikuwa mkekani, miguu ameinyoosha, tasbihi mkononi, midomo inakwenda. Jasho limemtoka mpaka kwenye nyusi. Mbele yake kwenye kigoda kulikuwa na ile chupa ya maji, na kikombe cha kahawa kimejaa manjano. Bayan amepiga magoti upande wa pili wa kigoda, macho kwenye kikombe, mikono miwili imekishika. Anangoja aambiwe.

"Mama, vipi?"

Alinyanyua kidole ningoje, akasogeza punje ya tasbihi. "Kali," akasema. "Imenichoma mpaka hapa. Dawa kali ndo dawa. Nimalizie uradi nimpe."

"Dawa gani, Mama?"

"Ile ya kukuza."

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka kikombe kiko chini kimevunjika, na ile manjano inapotelea kwenye mchanga, na Bayan analia kwa sababu nimempiga mkono. Nilimpanua mdomo, nikamnusa, nikamlamba vidole vyake mimi mwenyewe. Vilikuwa vikavu. Hakuwa ameonja. Tasbihi ya bibi yake ilikuwa imepita nusu.

Bi Mastura alinitazama kwa hasira. "Umemwagia mtoto bahati yake," alisema. Kisha tasbihi ikamtoka mkononi, akainama, akatapika.

Nilipiga yowe. Mwinyijuma, jirani yetu mwenye bodaboda, alikuja mbio na mkewe nyuma ana kopo la maziwa. Kila mtu kwetu anajua hivyo, aliyekunywa sumu mpe maziwa. Nilikuwa nimeshampigia Devota.

"Mtoto kanywa?" Hilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Hajanywa. Kanywa bibi, kikombe cha kahawa."

Nilimsikia anavuta pumzi. "Sikiliza, mama. Usimpe maziwa, usimpe mafuta, usimtie kidole kooni. Usimpe kitu. Beba hiyo chupa mwende nayo hospitali Muheza, sasa hivi. Ukifika nipigie, mpe daktari simu nizungumze naye."

Nikamzuia mke wa Mwinyijuma na kopo lake, akaniona mkwe mbaya, najua. Tulimpakia Bi Mastura katikati, Mwinyijuma mbele, mimi nyuma nimemkumbatia, chupa imefungwa kwenye kanga yangu. Bayan nilimwachia mke wa Mwinyijuma, na nilipogeuka alikuwa ananipungia mkono kama tunakwenda harusini.

Njiani alianza kupumua kwa kasi, pumzi ndefu ndefu, kama mtu aliyepanda mlima. Nilikuwa nazisikia mbavu zake zikifunguka na kujifunga kwenye mikono yangu.

"Hasina," aliniambia. "Nani anaadhini?"

"Hakuna, Mama. Ni pikipiki."

"Si pikipiki. Masikioni mwangu. Panalia, hapanyamazi."

Niliwaza vile vinywa vya jani. Niliwaza kitu kidogo vile, kinachoweza kufungua midomo ya shamba zima kwa kijiko kimoja ndani ya ndoo, sasa kiko chote ndani ya kizee kimoja, kinamwambia nini.

Daktari aliipokea chupa, akainusa, akachukua simu yangu akazungumza na Devota wakiwa wanatajiana majina marefu. Akaniambia dawa ile ni ndugu yake aspirini, tena ndugu mkubwa, na ile milio masikioni na ile pumzi ndiyo dalili yake. Wakamtundikia maji. Wakamtoa damu, wakampima, wakampima tena. Haji alifika na vumbi la shamba usoni, akakaa chini ukutani.

Pumzi ya mama ilipoanza kutulia, daktari alinifuata pale nje. Alikuwa kijana, mpole. Akaniuliza mtoto ana uzito gani. Nikamwambia, ule uzito ninaoujua kuliko jina langu, ule ambao kliniki walikuwa wakinisikitikia nao. Akatikisa kichwa.

"Kikombe kile kimemlaza mtu mzima, na kimemwacha kwa sababu katapika mapema," alisema. "Kwa mtoto wa uzito huo, mama, tusingekuwa tunazungumza hapa."

Nililia siku hiyo mpaka mama wa kitanda cha jirani akanipa kanga yake nijifute. Mwanangu alipona kwa sababu ya punje zilizobaki kwenye tasbihi.

Bi Mastura alikaa hospitali mpaka masikio yakanyamaza. Alipopata nguvu alitaka kujua alikunywa nini hasa. Haji akamweleza, akafika kwenye spiriti.

"Spiriti ni nini?"

Haji akatazama pembeni. "Ni jamaa ya pombe, Mama."

"Umri huu," akasema, "sijapata hata kuinusa. Nimekuja kuinywa mbele ya mjukuu wangu na tasbihi mkononi."

Haji akaanza kucheka, na kicheko kikageuka, akaweka kichwa kwenye shuka la mama yake. Mama akampapasa kisogo. "Nilimsikia yule binti kwa masikio yangu," alimwambia. "Kasema hawa ni watoto. Nikaona kwa macho yangu walivyofumbua midomo. Nikajiuliza, kwani mahindi yana haki gani kumzidi Bayan?"

Ninyi mnaosoma, kabla hamjamwita mjinga, jaribuni kumjibu.

Tuliporudi nyumbani Haji alichukua panga. "Nayafyeka yote," alisema. "Sitaki kuyaona."

"Uyafyeke kwa kosa gani?" mama yake akamwuliza kutoka mkekani. "Mahindi yalikunywa chao. Mie ndiye niliyekunywa cha mwenzangu. Weka panga."

Devota alikuja siku hiyohiyo. Tulimpa kiti, akakataa, akakaa chini na viatu vyake vya mpira amevivua mlangoni. Alishika mkono wa Bi Mastura.

"Bibi, nilisema vibaya. Nilimwita mtoto kitu ambacho si mtoto."

"Ulisema vizuri. Ndo maana n'kaamini."

"Basi niseme vipi huko ninakokwenda? Wakiniuliza ni nini, niwaambie nini?"

Bi Mastura alifikiri. "Usiiite dawa. Sisi watu wa pwani ukituambia dawa tutainywa, tutajipaka, tutaioga. Iite sumu."

"Lakini kwa mahindi si sumu, bibi."

"Iite sumu ya watu. Mahindi hayatakusikia."

Devota alicheka huku anafuta macho, na nimesikia ndivyo anavyosema sasa kila kijiji, sumu ya watu. Kama huko Moa wanasema vingine, nyie semeni hivyo. Chupa yake isibadilishwe. Ikipasuka, iachwe imwagike, haina thamani ya kumiminwa kwenye chupa ya maji. Isilale ndani, hata kwenye rafu ya mtu mtakatifu. Bomba lisioshwe kisimani. Na msimwite mtoto hindi, wala hindi mtoto.

Mara ya pili walipuliza mahindi yakikaribia mbelewele. Chupa nyingine Devota aliileta mwenyewe na akaondoka nayo mwenyewe. Bi Mastura alitaka apelekwe aone. Alisimama kwenye kamba, akaangalia ule ukungu mwembamba unavyotua juu ya majani na kutoweka, kama vile jani limevuta ndani. Alisema Mashallah kwa sauti ndogo. Hakuwa na chuki nayo. Nilimwonea ajabu kuliko nilivyoyaonea mahindi.

Tulivuna. Upande wa kushoto magunzi yalikuwa madogo, punje moja hapa, nyingine kule, kama meno ya kizee. Upande wa kulia hayakuwa ya kutisha kwa ukubwa, msije mkadanganyana. Mwaka wa mvua tumewahi kupata zaidi. Lakini yalijaa. Punje zimebanana mpaka kwenye ncha, katika mwaka ambao majirani waliwaachia ng'ombe waingie mashambani wale mabua. Nilimenya la kwanza nikakaa nalo mapajani, nikapitisha kidole safu kwa safu. Kila punje ilikuwa ni siku moja ya jua ambayo mmea ule uliambiwa usiogope.

Nilichemsha mabichi machache jioni ile. Devota alikuwa ametuthibitishia kwamba kilichopulizwa kimeshakwisha ndani ya mmea siku nyingi, na punje ni punje tu. Haji alikwisha kula la shamba, la kuchoma. Nilimletea Bi Mastura sahani uani, hindi moja la moto. Bayan akaja akapiga magoti palepale upande wa pili wa kigoda, akanyoosha mikono miwili.

"Ngoja, mke mwenzangu," bibi yake akasema.

Akalishika hindi. Akasema Bismillah, akauma, akatafuna taratibu, akameza. Kisha akaliweka kwenye sahani, akaokota tasbihi yake.

Bayan alinitazama. Nikamwambia angoje. Haji alikuwa mlangoni na kibuyu mkononi, naye akasimama. Mvuke ulikuwa unapanda kwenye hindi. Punje zilikuwa zinapita kwenye vidole vya Bi Mastura moja moja, bila haraka, na hakuna aliyemtania. Ilifika nusu. Ikapita nusu. Nilijikuta nami nahesabu, mpaka ya mwisho ikagonga mwenzake.

Alingoja kidogo zaidi, ameinamisha sikio, kama anayesikiliza kama kuna kitu kinalia ndani.

"Kimya," akasema.

Akampa.